Glavu zipi kwa anayetengeneza modeli za mabasi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Morogoro, natengeneza modeli za mabasi ya mikoani kwa kipimo cha 1:24. Natumia bodi ya foreksi (plastiki nyepesi ya povu) ya milimita 3, super gluu, puti, rangi ya magari na thina. Sasa ngozi ya vidole vya mkono wa kulia inabanduka, na nikishika sabuni inawasha. Nilinunua boksi la glavu kwenye duka la dawa, lakini zikiguswa na thina zinavimba na kulegea. Jamaa akanishauri zile nene za mafundi ujenzi, nazo siwezi kushikia hata taa ya pembeni. Kidole gumba cha kushoto nimekikata mara tatu. Glavu ipi hasa ninunue? Na wakati wa kubandika stika nivae pia?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mkono. Nimekaa na modeli miaka mingi, kwanza za majengo, baadaye za magari, na hilo la ngozi kubanduka ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Basi la mita 12 kwa kipimo chako linatoka sentimita 50, na taa yake ya pembeni haizidi punje ya mchele. Kazi ya namna hiyo inafanywa na ncha za vidole, na ncha hizo hazina spea.

Cha kununua ni hiki: boksi moja la glavu za naitraili zisizo na unga, unene wa kama milimita 0.1 hadi 0.15, na glavu moja ya kufumwa inayozuia wembe, utakayoivaa mkono wa kushoto peke yake. Zile nene mrudishie fundi ujenzi. Lakini ukinunua hizo na kuendelea kufanya kazi kama unavyofanya sasa, ngozi itabanduka vilevile. Modeli yako moja ina kazi kama sita ndani yake, kila moja inataka mkono wake, na zipo zinazotaka mkono mtupu.

Tuanze na thina, maana ndiyo inayokula vidole vyako. Glavu zako za duka la dawa, kwa jinsi unavyozieleza, ni za lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira. Zilikusudiwa damu na maji, na kwa damu na maji zinafaa sana. Thina ya magari ni mchanganyiko. Mara nyingi mna toluini, asetoni na jamii ya asetati, na mchanganyiko huo unauingia mpira kama chai inavyoingia kwenye andazi. Usingoje glavu ipasuke ndipo uivue. Ikishaanza kuvimba, hesabu kwamba thina imefika upande wa ndani, imekwama kati ya mpira na ngozi, haina pa kutokea. Hapo inaumiza kuliko ambavyo ungeumia mkono ukiwa wazi, kwa sababu kwenye mkono ulio wazi ingeruka hewani kwa sekunde chache.

Vijana wengi nikiwaambia kwamba kimiminika kinapita kwenye glavu isiyo na tundu hawakubali. Lifikirie puto la sherehe. Jioni limejaa, asubuhi limenywea, na fundo halijafunguka wala hakuna palipotoboka. Hewa imepita kwenye mpira wenyewe, chembe kwa chembe. Thina inapita hivyohivyo, ila kwa haraka zaidi.

Kuna kisa ambacho wanakemia hawakisahau. Karen Wetterhahn alikuwa profesa wa kemia katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Tarehe 14 Agosti 1996, akiwa maabara, alidondokewa na tone au matone machache ya kiwanja cha zebaki kiitwacho dimethilimekuri juu ya glavu ya lateksi. Alikuwa amevaa kama taratibu za wakati ule zilivyotaka, na glavu haikuchanika. Miezi kadhaa ikapita ndipo akaanza kuyumba akitembea na ulimi kuwa mzito. Alifariki tarehe 8 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 48. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba sumu ile hupenya glavu za namna hiyo ndani ya sekunde 15 au pungufu. Thina yako si sumu ya kiwango hicho, kwa hiyo usiogope ukaacha kazi. Nimekisimulia uone kwamba glavu nzima, mpya, iliyovaliwa na mtu anayejua anachofanya, inaweza kupitisha kitu bila kuonyesha dalili yoyote.

Naitraili je? Ni mpira wa kutengenezwa kiwandani, na kwa mafuta, grisi, rangi za maji na tapentaini ya madukani inahimili kuliko lateksi kwa mbali. Kwa asetoni haihimili. Ile nyembamba ya kutupa inaweza isifikishe hata dakika mbili, na toluini nayo huipita baada ya muda mfupi tu. Mwenye duka atakuambia "hii ni ya kemikali", nawe usibishane naye. Geuza boksi utafute mchoro wa chupa ya maabara. Kando yake huandikwa namba ya kiwango, EN ISO 374-1, kisha Type A, B au C, na kwa A na B huwekwa pia herufi. Kila herufi ni kemikali moja ambayo glavu imejaribiwa nayo. Type B ina maana imezuia angalau kemikali tatu kwa dakika 30 au zaidi. Type C ni moja tu, kwa dakika 10. Glavu nyingi za kutupa zimeandikwa KPT. K ni magadi makali ya viwandani, P ni haidrojeni peroksaidi, T ni fomalini. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoingia kwenye basi lako. Herufi za kwako ni B, ambayo ni asetoni, F, ambayo ni toluini, na I, ambayo ni asetati ya ethili. Ukikuta boksi la glavu nyembamba zinazokuacha ushike punje ya mchele, na limeandikwa herufi zote hizo tatu, lisome mara ya pili, maana mimi sijawahi kuliona. Mpira wa butaili unazuia asetoni vizuri, lakini glavu zake ni nene, ni ghali, na toluini inaushinda.

Kwa hiyo naitraili nyembamba tunaivaa kwa ajili ya matone, hatuivai ili tuchovye vidole. Vaa mbili, moja juu ya nyingine. Thina ikikudondokea, vua ya juu palepale, vaa nyingine, endelea. Kitambaa kilicholowa thina usikishike kwa vidole hata kama umevaa. Kibane kwa koleo au kifunge kwenye kijiti. Bunduki ya kupulizia rangi ioshe kwa brashi yenye mpini, thina ikiwa kwenye kikopo cha bati chenye mfuniko, uwe nje, mbali na jiko. Na glavu iliyokwisha kulowa thina usiianike uivae kesho. Thina iliyonywewa na mpira inaendelea kusafiri kuelekea ndani hata glavu ikiwa mezani, na kesho utauingiza mkono mahali ambapo imeshafika.

Kama unataka kuona kwa macho yako, kata kidole kimoja cha glavu ya lateksi na kimoja cha naitraili, vitundike kwa vibanio vya nguo, tia thina kijiko kimoja kila kimoja, fanyia nje, subiri dakika 10. Vipime kwa rula kabla na baada. Cha lateksi utakikuta kimerefuka na kuwa kama utumbo. Cha naitraili nacho kinaweza kuvimba, na hata kikibadilika kidogo tu kisikudanganye, kwa sababu kutovimba hakuna maana kwamba hakuna kinachopita.

Kuhusu ngozi yenyewe nina shaka na jambo moja ambalo hukuliandika. Mkono wa kulia peke yake, na sabuni inawasha: nadhani jioni ukimaliza unanawa kwa thina. Kama ndivyo, acha leo. Thina inaondoa mafuta ya asili ya ngozi, ngozi inakauka, inapasuka, na kila kitu baada ya hapo kinapata njia. Rangi iliyoganda vidoleni itoe kwa mafuta ya kula na sukari. Paka mafuta, mimina sukari kijiko, sugua taratibu dakika mbili, ndipo unawe kwa sabuni na maji. Haitoki yote siku hiyo, na haidhuru. Baada ya hapo paka mafuta ya mgando. Lakini ukiona malengelenge, uvimbe, au muwasho unaopanda hadi kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo ukingo wa glavu unaishia, nenda kituo cha afya uwaeleze na hizo glavu. Wapo watu ambao lateksi yenyewe inawadhuru, na kwa wengine hali hiyo huanza kama muwasho mdogo kisha ikazidi kila wanapoivaa.

Tena ni mikono iliyobanduka kama yako iliyoingiza glavu za mpira kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, katika majira ya baridi ya 1889 kuelekea 1890. Muuguzi Caroline Hampton alikuwa akiharibiwa ngozi na dawa kali za kuua vijidudu, zebaki ikiwemo. Daktari wake mkuu wa upasuaji, William Halsted, akaiomba kampuni ya mpira ya Goodyear imtengenezee muuguzi huyo glavu nyembamba. Hawakuwa wakimfikiria mgonjwa bado. Walikuwa wanaokoa ngozi ya mfanyakazi. Mwaka 1890 wakaoana.

Sasa super gluu, na hapa nisikilize vizuri. Usivae glavu ya pamba, ya sufi wala ya kitambaa chochote ukiwa na super gluu mezani. Gundi hiyo huganda ikikutana na unyevu, na nyuzi za pamba huifanya igande kwa kasi kubwa na kutoa joto la kuunguza. Mimi yalinikuta. Nilikuwa nimevaa glavu nyeupe za pamba nisichafue vioo vya modeli, kichupa kikalala, gundi kiasi cha punje mbili za mahindi ikanywewa na kidole cha shahada. Kwanza nilihisi uvuguvugu, kisha nikaona moshi mwembamba ukipanda, na kabla sijaivua ilikuwa imeshaniunguza na kitambaa kimenasa kwenye ngozi. Alama ipo hadi leo, mviringo kama sarafu ndogo.

Kwa super gluu vaa naitraili inayobana. Itanasa, ndiyo, lakini utaivua glavu na kuiacha imeshikamana na foreksi, ngozi yako ikabaki salama. Ipo njia nyingine ya bei ndogo: zile glavu nyepesi za polithini, plastiki ya mifuko, wanazovaa wauza vyakula. Super gluu haishiki vizuri kwenye plastiki ya namna ile. Zinapwaya, kwa hiyo mimi hukata kidole kimoja tu na kukivika juu ya naitraili, kile ninachobania kipande mpaka kigande. Vidole vikigandana, usivute. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha viviringishe taratibu, kama unavyotoa penseli katikati ya vidole viwili. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi na uende hospitali bila kulifungua jicho kwa nguvu.

Kidole gumba chako. Kukatwa mara tatu mahali palepale kunaniambia kwamba kinachomoza nje ya ukingo wa rula. Glavu ya kufumwa inayozuia wembe ina mchoro wa nyundo na maandishi EN 388, chini yake tarakimu nne na herufi, kwa mfano 4X43C. Tarakimu ya kwanza ni msuguano, ya pili ni kukatwa kwa kipimo cha zamani, ya tatu kuchanika, ya nne kutobolewa, na herufi ya mwisho, A hadi F, ni kukatwa kwa kipimo kipya. X ina maana hakikupimwa. Kwa kazi yako herufi B au C inatosha, na chagua iliyofumwa nyembamba. Ivae mkono unaoshikilia rula. Mkono wenye kisu uache mtupu au na naitraili, kwa sababu huo unahitaji kuhisi wembe unapotaka kuteleza.

Lakini elewa mpaka wake. Glavu ile inazuia ukali unaopita juu yake, haizuii ncha inayochoma. Kile kipimo cha kutobolewa hufanywa kwa pini nene, na ncha ya wembe wa kuchongea hupenya katikati ya nyuzi. Kwa hiyo tiba ya kidole chako iko zaidi kwenye kukata kwenyewe. Foreksi ya milimita 3 usiikate kwa mkupuo mmoja. Mkupuo wa kwanza uwe wa kuchora tu, mwepesi kabisa, wa pili ufuate mfereji ule, na ukifika wa tano ubao umeachia wenyewe. Vunja ncha ya wembe mapema. Wembe butu ndio unaokufanya ukandamize, na ukikandamiza ndipo unaruka rula.

Kwenye drili, grainda ndogo na chochote kinachozunguka, vua glavu zote. Zote, hata naitraili. Sijali kama biti ni ya milimita 1. Kitambaa au mpira ukishikwa na kinachozunguka, kinauzungusha pamoja na kidole kilichomo, na glavu ya kufumwa isiyokatika ndiyo mbaya kuliko zote hapo, kwa sababu haitachanika ikuachie. Kipande kidogo kibane kwa jiriwa au koleo, mkono ukae mbali.

Kuhusu kupuliza rangi, hukuniambia kama unamalizia kwa kilia (tabaka la juu linalong'aa, lisilo na rangi) ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Kama unafanya hivyo chumbani, glavu ndiyo shida ndogo. Hadina ya kilia ya magari huwa na kemikali iitwayo isosianeti, na mvuke na ukungu wake ukiuvuta unaweza kupata pumu isiyokuacha tena. Ukishazoeshwa vibaya hivyo, hata kiasi kidogo sana kinakuamsha kifua. Harufu yake haikuonyi. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali hazizuii kitu hapo. Mafundi wa viwandani hupulizia hiyo wakiwa wamevalishwa kifaa kinacholeta hewa safi kutoka nje. Ninakuomba, mabasi yako yamalizie kwa kilia isiyo na hadina, au kwa varnishi ya maji, hata kama kung'aa kutapungua kidogo. Unaweza kung'arisha baadaye kwa msasa wa maji namba 2000 na polishi.

Puti nayo ina hadina yake, ile ya kwenye tyubu. Changanya ukiwa na naitraili, paka, vua. Kusugua puti kavu glavu haina kazi kubwa, kinga mapafu. Kusugua kwa msasa wa maji kunakula ncha za vidole bila wewe kujua. Nusu saa tu na alama za vidole zimefutika. Hapo glavu za kuoshea vyombo zinafaa, tena ndizo pekee ninazozirudia mwezi mzima.

Ukubwa: zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kiganja, chini ya vifundo vya vidole, gumba likiwa nje. Inchi utakazopata ndiyo namba ya glavu. Inchi 7 kwa kawaida ni S, 8 ni M, 9 ni L. Ncha ikibaki tupu hata milimita 5, utaibana pamoja na taa na kuing'oa. Rangi isikupe uhakika wa aina, maana bluu inapakwa hata kwenye glavu za vinaili, ambazo ni plastiki. Vuta ukingo: vinaili hainyooki vizuri na hairudi upesi, naitraili inanyooka kwa ukaidi na kurudi. Uikatae yenye unga, kwa sababu unga ule ukikutana na praima, rangi ya kwanza ya chini, unaacha vipele vidogo kwenye bodi ya basi, nawe utadhani ni vumbi la chumba. Morogoro kuna joto, mkono utatoka jasho. Kila baada ya dakika 20 au 30 vua, futa, pumzisha mkono, vaa mpya.

Baada ya praima na kabla ya rangi ya mwisho, usiguse bodi kwa kidole kitupu. Mafuta ya kidole hayaonekani, lakini rangi inayaona. Inajitenga na kuacha kijicho kidogo katikati. Naitraili safi, isiyoguswa na puti wala mafuta ya mgando, ndiyo ya saa hiyo.

Stika bandika kwa mkono mtupu. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, usipake mafuta kwanza. Weka maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo kwenye chupa ya kunyunyizia, lowesha ubavu wa basi, laza stika, na isogeze kwa ncha ya kidole mpaka mstari wake ukae sawa na ukingo wa dirisha. Kisha anzia katikati, sukuma maji kutokea pande zote mbili kwa kadi ya plastiki iliyofungwa kitambaa laini. Glavu hapo ingekuibia kitu kimoja: ukiwa na kidole kitupu unausikia ule mwinuko mdogo wa hewa chini ya jina la basi kabla jicho halijauona.